Mbolea ya ruzuku: wenzangu wa vijijini mnafanyaje iwafikie kabla ya kupanda?

MamaMahindi
Habari za jioni wakuu. Nipo Ruvuma, nalima ekari mbili za mahindi. Tangu ruzuku ianze msimu wa 2022/23 jina langu halijakosekana kwenye daftari la mtendaji, na namba ya mkulima ninayo. Bei siilalamikii: msimu ule DAP, ile mbolea ya kupandia, mfuko wa kilo 50 niliuchukua kwa 70,000, bila ruzuku ulishapita laki moja na ishirini.

Tatizo ni njia. Wakala yupo mjini. Siku ya kwanza mtandao ukagoma. Ya pili mzigo uliisha nikiwa nimebakiza watu wanne. Ya tatu nikapata, nikafunga mifuko kwenye boda. Nafika shambani, mahindi yana majani matano! Nikaiweka hivyohivyo pembeni ya mashina. Majani yalikuwa ya zambarau ukingoni, nayaangalia roho inauma.

Bwanashamba_Mstaafu
Pole sana mama. Zambarau hiyo ni upungufu wa fosforasi. DAP haishuki ardhini kama urea, inabaki pale ulipoiweka, ndiyo maana inakaa kwenye shimo chini ya mbegu, udongo kidogo katikati. Ukichelewa tena, hela hiyo iweke kwenye mbolea ya kukuzia.

Babu_Mbozi
Binti yangu, enzi za vocha za mbolea ya ruzuku, 2008 na kuendelea, wakala alitufuata kijijini. Lakini wenye njaa waliziuza vocha zao kwa hela ya chumvi, na mbolea ikaishia kwa wengine. Namba hizi za mkulima zimesaidia hapo. Mimi nasema namba zibaki, mifuko ndiyo isogezwe.

KilimoNjombe
Sisi AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iliomba uwakala. Mbolea inashushwa ghalani, natoka na toroli langu.

MamaMahindi
@Babu_Mbozi shikamoo babu, nimekuelewa. @KilimoNjombe yetu inashughulika na ufuta tu, ghala tupu kuanzia Agosti. Mlianzia kwa nani?

KilimoNjombe
Mkutano wa wanachama kwanza, muandike muhtasari. Kisha afisa ushirika wa wilaya. Na mtafute kijana anayeiweza simu, maana kila mfuko unaskaniwa kabla haujatoka. Sisi tulianza Juni. Msisubiri mawingu.

MamaMahindi
Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Naomba nafasi ya kusema hili kabla ya ajenda ya mifugo, ile huwa inakula siku nzima.