Mjadala: Mtu akikamatwa na jeshi Myanmar, jina litangazwe siku hiyo hiyo au familia inyamaze?

Mleta mada
Tangu jeshi lipindue serikali tarehe 1 Februari 2021, wanaotetea wafungwa wa kisiasa Myanmar wamegawanyika juu ya jambo hili. Mimi niko upande wa kutangaza, na hoja yangu ni saa za mwanzo. Anayekamatwa hapelekwi jela moja kwa moja, anapitishwa kwanza kwenye kituo cha mahojiano cha jeshi, na huko wakili haingii wala ndugu haambiwi kitu. Tarehe 13 Februari 2021 jeshi lilisimamisha vifungu vilivyozuia kumshikilia mtu zaidi ya saa 24 bila amri ya mahakama. Khin Maung Latt, mtu wa NLD, chama cha Aung San Suu Kyi kilichopinduliwa, pale Yangon, alichukuliwa usiku wa tarehe 6 Machi mwaka huo. Kesho yake familia ikaitwa kuchukua maiti. Jina likishatoka nje, aliyemshika anajua kuna watu wanamfuatilia.

Mpole
Mkuu, nakupinga. Jeshi lilichomeka kifungu cha 505A, cha maneno ya kutia hofu au habari za uongo, kwenye sheria ya jinai tarehe 14 Februari 2021, na adhabu yake inafika miaka 3. Kinamnasa hata dada wa mfungwa aliyeandika mistari miwili Facebook. Isitoshe, askari wakimkosa wanayemtafuta wamekuwa wakibeba mama, mke, hata mtoto. Wewe uko salama ughaibuni, unayemtangaza ana ndugu pale pale mtaani.

Halafu tazama watu wanavyotangaza. "Kiongozi shupavu wa mgomo amekamatwa!" Pengine mhojaji hakujua kama ni kiongozi, alimdhani mpita njia. Sifa zako zinaingia kwenye faili la mashtaka kama zilivyo.

Na kelele hazikuwaokoa wale wanne walionyongwa Julai 2022, akiwemo mwanaharakati mkongwe Ko Jimmy na aliyekuwa mbunge Phyo Zeya Thaw. Hata Hun Sen, waziri mkuu wa Kambodia wakati huo na mwenyekiti wa ASEAN (jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia) mwaka ule, aliandika kuwaombea. Ila Danny Fenster, mwandishi Mmarekani, alihukumiwa miaka 11 tarehe 12 Novemba 2021, na tarehe 15 akawa nje, baada ya Bill Richardson, gavana wa zamani wa Marekani, kwenda kuzungumza.

Mleta mada
Fenster alikamatwa Mei. Jina lake lilivuma karibu miezi 6 kabla Richardson hajaenda kukaa na Min Aung Hlaing, jenerali aliyeongoza mapinduzi. Bila kelele zile nani angempandisha ndege Richardson?

Mpole
Na kelele hizo hizo ndizo zilizompandisha bei. Mfungwa mwenye pasipoti ya kigeni ni mtaji kwa jeshi. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sagaing hana mtu wa kumjia na ndege, kwa hiyo usimpimie kwa kipimo cha Fenster.

Bibi Faili
Wanangu, mnagombania mdomo na faili hamna. Kampeni nyingi za Myanmar zinakwama kwenye jina lenyewe. Waburma wengi hawana jina la ukoo, na majina yanajirudia: Aung Aung na Kyaw Kyaw wako wengi kama akina Juma kwetu. "U", "Daw", "Ko" na "Ma" ni heshima tu, kama sisi tunavyosema Mzee au Dada. Ko Jimmy aliitwa Kyaw Min Yu. Ukiuliza gerezani kwa jina la "Jimmy", karani atajibu hayupo, na hatakuwa amedanganya. Hata huyo mbunge, wengine wanaandika Zeya, wengine Zayar. Kwenye orodha mbili ameshakuwa watu wawili.

Kwa hiyo andika jina kwa hati ya Kiburma kwanza, Kilatini baadaye. Weka jina la baba. Weka namba ya kitambulisho: inaanza na namba ya mkoa (12 ni Yangon), kisha mkwaju, herufi za wilaya, alama ya uraia kwenye mabano, na tarakimu 6. Tarehe na saa ya kukamatwa, mahali, nani alishuhudia, alivaa nini, anatumia dawa gani. Baadaye ongeza kifungu alichoshtakiwa nacho, mahakama, na jela aliyopo leo. Hilo la mwisho linabadilika kuliko yote, maana wafungwa huhamishwa mbali na kwao na ndugu hugundua siku waliyopeleka kifurushi wakarudishwa nacho getini. AAPP, chama cha kusaidia wafungwa wa kisiasa kilichoanzishwa mwaka 2000 na wafungwa wa zamani kule Mae Sot, Thailand, kimejenga orodha yake kwa mambo ya namna hii.

Faili likiwepo, kutangaza au kutotangaza ni suala la kuchagua mistari gani itoke. Jina, tarehe, mahali, ugonjwa: vitoke. Namba ya kitambulisho, jina la shahidi, kazi ya mfungwa kwenye harakati: vibaki ndani.

Wakili wa Pwani
Bibi umenena. Naongeza upande wa sheria. Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuiliwa kiholela kina wataalamu 5, na hakidai umalize kwanza mahakama za nchini. Ombi la kawaida likipokelewa, serikali hupewa siku 60 kujibu, kisha kikundi hutoa maoni. Ombi la dharura huenda haraka zaidi, lakini halitoi uamuzi kama kuzuiliwa ni halali. Watu huchanganya hizo mbili, wanatuma la dharura kisha wanakaa kungoja hukumu ambayo haiji.

Na msamaha usisherehekewe kabla ya kusomwa. Kama sisi na 9 Desemba yetu, wao hutoa msamaha kwenye sikukuu ya uhuru, 4 Januari, na mwaka mpya wa Kiburma, Aprili. Oktoba 2021, siku chache baada ya ASEAN kumzuia Min Aung Hlaing asihudhurie mkutano wake, walitangaza kuwaachia watu 5,636. Kati yao 4,320 kesi zao zilikuwa bado hazijaamuliwa. Baadhi walikamatwa tena muda si mrefu. Wengi wanaotoka baada ya hukumu hutoka kwa kifungu cha 401 cha sheria ya mwenendo wa jinai, yaani kwa masharti: ukirudi matatani, unamalizia miaka iliyobaki pamoja na mipya. Kwa hiyo faili halifungwi siku ya kutoka.

Mleta mada
Basi nalegeza: ninayetaka atangazwe ni mtu, harakati zake ziachwe. Lakini bila idhini ya ndugu?

Mpole
Hapo ndipo nilipokuwa. Idhini iombwe kwa mmoja aliyekubaliwa na familia, si kila binamu mwenye simu. Na fedha za vifurushi zisipitie akaunti moja yenye maelezo "kwa wafungwa". Kifungu cha 50(j) cha sheria ya ugaidi kinahusu kufadhili ugaidi na kinafika kifungo cha maisha. Watu wamekamatwa kwa risiti walizobandika wenyewe mtandaoni.

Bibi Faili
Familia ikikataa, faili lijazwe vile vile na litunzwe nje ya nchi. Waulizwe tena akishafikishwa mahakamani, maana hapo mhojaji ameshamaliza naye, na wengi hubadili mawazo.