Mashine ya kadi ikifa kwenye basi, hasara ni ya nani?

mama_wa_Nakawa: Jamani nisaidieni hapa. Basi tunalopanda asubuhi lilituhamishia kwa kadi, unatuma pesa kwa simu halafu unagusisha kadi kwa mashine pale mlangoni. Sasa mashine imekufa, inawaka taa nyekundu tu, na kondakta anasema lipa keshi, huna keshi shuka. Nauli yangu yote ya mwezi iko ndani ya kadi! Na ukilipa hiyo keshi hupewi risiti. Mashine ni yao, kwa nini nilipe mara mbili?

kondakta_wa_zamani: Pole sana dada. Nimesimama mlangoni miaka mingi, kwa basi na kwa teksi za paki (matatu), na tajiri anataka hesabu yake jioni, mashine iwe nzima au imekufa. Nikikubeba bure hilo pengo nalijaza mimi. Vumbi linaingia kwenye mashine, mashimo yanalegeza waya, umeme wa basi ukishuka kidogo inazima, unapiga simu kwa fundi anakwambia nakuja, jua linazama hujamuona. Na niseme ukweli wote, siku ya keshi kuna pesa haifiki ofisini, na tajiri hawezi kujua maana hakuna rekodi.

mtu_wa_Busia: Hapo ndipo hasara kubwa iko, spea ni pesa kidogo. Toronto kule Kanada mkaguzi wa mahesabu wa jiji alisema kwenye ripoti ya 2019 kwamba mwaka 2018 vifaa vibovu vya kukusanya nauli vililipotezea shirika la usafiri la jiji zaidi ya dola milioni 3 za Kanada, mbali na milioni 61 za watu waliopanda bila kulipa. Yaani kule hasara ya mashine imehesabiwa kwa shirika, huku kwetu anabebeshwa mama mwenye kadi na hakuna anayeiandika popote!! Mwenye basi akubaliane na kampuni ya mashine kwamba ikifa wao ndio wanalipa nauli za siku hiyo, utaona fundi anavyokuja mbio.

mama_wa_Nakawa: Asanteni, kumbe kondakta naye amebanwa. Kesho nifanyeje lakini?

kondakta_wa_zamani: Mwombe aandike namba ya kadi yako kwenye daftari la safari, nauli ikatwe mashine ikipona. Akikataa piga picha mashine ikiwa imezima pamoja na namba ya basi, upeleke ofisini kwao, na msiende mmoja mmoja.