Tume ya Umwagiliaji: asiyelipa ada ya skimu akatiwe maji?

Mdau wa Majaruba: Wakuu habari za jioni, nina hoja tuijadili bila matusi. Hapa Tanzania Sheria ya Umwagiliaji ya 2013 ndiyo iliyounda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na Mfuko wake, na humo ndani kuna ada, yaani mkulima anayelima kwenye skimu (mashamba yenye mifereji ya pamoja) iliyojengwa na serikali achangie ili skimu ijitunze. Mimi naunga mkono asilimia mia. Bajeti ya umwagiliaji 2021/22 ilikuwa bilioni 46 na ushee, mwaka uliofuata ikaruka mpaka bilioni 361, hiyo ni kodi ya kila mtu mpaka muuza nyanya wa Tandale. Sasa banio, kile kizuizi cha mtoni cha kuingiza maji mferejini, linajengwa, mfereji unasakafiwa, misimu michache tu tope limejaa, geti limeng'olewa limeenda kwa wanunua chuma chakavu, na wakulima wamekaa wanasubiri mradi mwingine. Tumezoea vya bure. Asiyelipa akatiwe maji au aachwe?

Chekereni Damu: Hiyo "tumezoea vya bure" unamwambia nani? Mifereji ya Uchaggani ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika, babu zetu waliichimba kwa mikono na waliisafisha wenyewe, tena asiyetokea siku ya kazi alitozwa pombe au mbuzi. Hakukuwa na Tume, hakukuwa na bilioni. Halafu leo mtu kakaa Dar anatuita ombaomba.

Mdau wa Majaruba: Mkuu sijasema ombaomba, usinilishe maneno. Na mifereji ya babu ilikuwa ya kumwagilia migomba na ulezi, huwezi kuilinganisha na skimu yenye banio la zege.

Bi Mpunga: Kaka Mdau mimi ni mlipaji, risiti ninazo zote, skimu yetu siitaji jina. Nauliza kitu kimoja, ada inatozwa kwa ekari, sawa, lakini jaruba langu, yaani kipande changu cha mpunga, lipo mkiani mwa mfereji kabisa, zamu ikianzia juu mpaka inifikie miche imeshakuwa ya njano kitaluni. Na hapo mfereji wa kuingizia maji unasafishwa kila mwaka, ila mtaro wa kutolea maji hakuna anayeugusa, watu wamepanda mpaka ndani yake. Maji yakija hayana pa kutokea, yanasimama, yanakauka hapohapo, yanaacha weupe wa chumvi juu ya udongo. Kila msimu kipande cha kulima kinapungua, na ada haipungui. Kwenye huo mchango wetu fungu la mtaro liko wapi?

Mla Wali: Mabilioni yote hayo wanalima mbegu ya SARO 5, wali ukiupika jirani hajui kama umepika. Nileteeni mchele wa Kyela mimi nitawalipia hiyo ada.

Fundi Banio: Niongee kama mtu wa fani. Kila kiongozi akisimama anasema tuna hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji, makofi pwaa. Mpango Kabambe wa 2002 ulizipanga kwa madaraja, zenye uwezo mkubwa ni milioni 2.3 tu, za kati 4.8, hizo nyingine zaidi ya milioni 22 ni uwezo mdogo, ama maji yako mbali ama udongo una shida. Tulizokuwa tunamwagilia kweli mpaka 2022 ni laki saba na kitu. Kwa hiyo vita yetu iko kwenye maji, ardhi ya kujaza takwimu ipo tele. Mfano ni skimu ya Lower Moshi kule Kilimanjaro, Mjapani alimaliza kuijenga 1987, ramani ikasema mpunga hekta 1,100. Wakulima wakavuna mbegu ya IR54 vizuri sana, watu wa juu ya mto Rau na Njoro wakaona, nao wakafungua majaruba yao nje ya skimu, maji ya kwenye skimu huku chini yakakata. Hata kila mtu angelipa ada kwa wakati, ada haizalishi maji.

Rau ya Juu: Kwa hiyo sisi wa juu ndio wezi? Mto unapita mlangoni kwetu toka tunazaliwa, mradi ukaja ukachora ramani ukaturuka, halafu tukipanda mpunga tunaitwa wavamizi. Fundi uliza kwanza nani alitushirikisha.

Chekereni Damu: Wizi ni wizi. Kibali cha maji cha Bodi ya Bonde, wanaogawa maji ya mto, unacho? Mkizuia mto usiku kwa magunia ya mchanga mnakuwa mmeshirikishwa na nani? Sisi tumebaki na mfereji mzuri wa zege mtupu, watoto wanauchezea mpira.

Rau ya Juu: Wewe kibali unacho wewe binafsi? Kinasomeka jina la mradi. Na ardhi yenu ya skimu nusu mmewakodisha watu wa mjini, msijifanye wanyonge hapa.

Mwana Kirinyaga: Jirani Mla Wali, hiyo Kyela yenu nimeila, ni sawa tu. Kujeni kwenye skimu yetu ya Mwea, Kenya, muonje mchele wa pishori, ile Basmati 370, ikiwa motoni mtaa mzima unajua. Na sahii bwawa la Thiba lilikamilika 2022, tunalima misimu miwili.

Mla Wali: Hapo ndugu yangu umeyatafuta. Mkiwa na pishori ya kutosha malori yanafuata nini kwetu pale Namanga? Mchele mnaokula mwingi ni wa Pakistani na wetu. Kyela hauhitaji viungo, chumvi tu na nazi, unaliwa mkavu.

Mwana Kirinyaga: Tunanunua kwa sababu tuko wengi, si kwa sababu yenu ni tamu. Wacha dharau. Ile Mwea unaona ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya hamsini, tunaila kwa heshima.

Kyela Original: Mimi mtoto wa huko kwenyewe, nasema hivi, mchele wa Kyela unaouziwa mjini mwingi umechanganywa, usimhukumu Mnyakyusa kwa gunia la dalali. Na sisi wengi tunalima kwa mvua na mafuriko, si kwa hizo skimu mnazogombania, halafu ndio mchele wenye jina nchi nzima.

Mdau wa Majaruba: Wakuu turudi kwenye ada jamani. Mwana Kirinyaga, huko kwenu mnalipa?

Mwana Kirinyaga: Tunalipa, ndio, lakini historia yetu ni ya machungu. Zamani Bodi ya Umwagiliaji ya serikali ndio ilikuwa inakupa shamba, inakukopesha mbolea, inabeba mpunga wote na kukukata gharama zake, ukijiuzia gunia lako kando ni kosa na ungefukuzwa shambani na familia yako. Watu wakachoka, 1998 wakagoma, wakaanza kuuza kupitia chama chao. Serikali ilirudi 2003 kwa makubaliano, na sheria ya 2019 ndio ikaigeuza Bodi kuwa Mamlaka. Kwa hivyo ukisema mkulima akatiwe maji, sisi tunasikia ile sauti ya zamani.

Mdau wa Majaruba: Unaona, mligoma mkajisimamia. Sisi huku tungegoma ingekuwa ili tuletewe mbolea ya bure zaidi.

Usangu Halisi: Unarudia tena tusi lako. Mkulima wa Mbarali, huku bonde la Usangu, ametukanwa vya kutosha. Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kwenye Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993 lawama zote kwetu, umeme ukikatika Dar ni kosa la majaruba ya Usangu. Wafugaji wakabebwa 2006 wakapelekwa Lindi na Pwani na ng'ombe wao. Wakati watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, na Waingereza walipiga hesabu wakaonyesha bwawa la umeme la Mtera linajazwa na maji ya masika, na tatizo kubwa lilikuwa namna bwawa lilivyokuwa linafunguliwa. Mkosaji akatafutwa jembeni.

Fundi Banio: Hao hao watafiti walisema pia maji ya kiangazi yanayochepushwa Usangu ndiyo yanayoukausha mto hifadhini, mzee wangu, usichukue kipande kinachokupendeza. Banio la zege halina huruma, likijengwa linachukua hata yale machache ya Septemba kama hakuna anayefunga geti.

Usangu Halisi: Na wewe fani yako ndiyo iliyoyajenga hayo mabanio! Mfereji wa udongo ulikuwa unaachia maji yapite, mkaja na "kuboresha". Nani alisaini michoro?

Fundi Banio: Michoro inaletwa na halmashauri na kijiji kinapiga kura, usinibebeshe mimi nchi nzima.

Bi Mpunga: Mmefika Mtera, mmefika Mwea, mmepika na wali. Fundi, wewe umesema ni mtu wa fani, nijibu mimi. Kati ya waliopanda ndani ya mtaro wetu, wawili ni wajumbe wa kamati ileile inayokusanya ada. Mwenye amri ya kuwatoa ni nani, umoja wa wakulima, halmashauri, au Tume?

Fundi Banio: Dada, kwanza ni umoja wenu kwa sheria ndogo zenu, wakishindwa andikeni kwa ofisi ya umwagiliaji ya mkoa, barua ipite kwa mtendaji wa kijiji, ambatanisha picha na risiti zako.

Bi Mpunga: Mtendaji wa kijiji ndiye mwenye jaruba la tatu.

Mla Wali: Kyela Original nitumie namba ya mtu mwenye mchele usiochanganywa.