Mrejesho: Toyota 86, springi fupi au matairi kwanza?
Wakuu, niliuliza nianze na springi fupi (za kushusha gari) au matairi kwenye Toyota 86 yangu, wengi mkasema matairi na breki kwanza. Asanteni sana, mlikuwa sahihi. Saizi ya matairi mapya nimebaki na ileile ya 215/45R17, ila mpira laini zaidi, na kwenye kona pua inafuata usukani bila kusita.

Breki ndizo zimenifurahisha zaidi. Mafuta ya breki yaliyotolewa yalikuwa meusi kama kahawa. DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzijoto 230. Ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi karibu 155, na ikichemka hutoa mapovu ya mvuke, ndiyo maana pedali ilikuwa inazama nikiteremka mlima mrefu. Sasa inakaza juu kabisa.

Springi nimeahirisha. Kwa barabara zenye matuta, urefu wa kiwandani unanitosha.