Naombeni ushauri: nichujeje visa vya meli na ndege zilizopotea baharini?

Mwanafunzi wa Redio: Wakuu, habari zenu. Naandaa kipindi kuhusu Mary Celeste (meli iliyokutwa ikielea bila mtu), Flight 19 (kundi la ndege za jeshi la majini la Marekani zilizopotea) na MH370 (ndege ya abiria ya Malaysia iliyopotea mwaka 2014). Kila ninachosoma kinapingana na kingine: chai ya moto mezani, dira zilizopagawa, Pembetatu ya Bermuda, eneo la Atlantiki linalodaiwa kumeza ndege. Nianzie wapi?

Ngama: Anza na Mary Celeste, ndiyo rahisi kuchuja. Chanzo kikiiita "Marie Celeste" kitilie shaka mapema, maana jina hilo lilienezwa na hadithi ya kubuni ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1884. Humo mashua bado zipo melini. Meli halisi, iliyokutwa Desemba 1872 kati ya Azores na Ureno, haikuwa na mashua, na sekstanti na kronomita, vyombo vya nahodha vya kujua meli iko wapi, havikuonekana. Chai ya moto ni nyongeza ya wasimulizi.

Sasa tazama kilichobaki: pampu moja imefunguliwa, fimbo ya kupimia maji imelala sitahani, ngamani, yaani chini kabisa ndani ya meli, mna maji ya futi 3 na nusu hivi, kiasi ambacho hakiwezi kuizamisha. Shehena ilikuwa mapipa 1,701 ya alkoholi. 9 yalikutwa matupu. Wengine husema mvuke wa alkoholi uliwatia hofu ya mlipuko. Mimi naona uzito zaidi kwenye pampu: ikiziba, nahodha hajui maji yameingia kiasi gani, anaweza kuamini meli inazama. Ila hiyo ni dhana, nawe itangaze kama dhana.

Rubani Mstaafu: Kwa Flight 19, chora ratiba na ramani kabla ya kuandika chochote. Desemba 5, 1945, ndege 5 za kivita aina ya Avenger zenye watu 14 ziliruka kutoka Fort Lauderdale, Florida, saa 8:10 mchana, zikiwa na mafuta ya saa tano na nusu hivi. Kwa hiyo kufikia saa 2 usiku matangi yalikuwa yakikauka, hata bila fumbo lolote.

Kiongozi wao, Luteni Charles Taylor, alisema redioni kwamba dira zake mbili zimeharibika, na aliamini yuko juu ya visiwa vya Florida Keys, kusini mwa Florida. Weka kidole Keys, kisha elekea kaskazini-mashariki: unarudi bara. Anzia Bahamas, visiwa vilivyo mashariki mwa Florida, walikokuwa kwa uwezekano mkubwa, uelekeo uleule unakupeleka katikati ya Atlantiki. Kiini cha kisa kiko hapo. Tena giza lilikuwa limeingia na bahari imechafuka.

Usisahau ndege ya Mariner iliyotumwa kuwatafuta ikiwa na watu 13. Meli Gaines Mills iliona moto, kisha ikapita kwenye mafuta yaliyotanda baharini. Anayesema ilitoweka bila dalili ameruka taarifa hiyo.

Mwanafunzi wa Redio: Nashukuru sana wakuu. Na MH370, satelaiti iliionaje?

Masafa: Haikuiona. Muda wa mawimbi ya redio kwenda na kurudi kati ya satelaiti na ndege hutoa umbali kutoka kwenye satelaiti tu, ndiyo maana hupatikana tao (mstari uliopinda) kwenye ramani, si nukta. Mabadiliko madogo ya masafa (frikwensi) ya mawimbi hayo ndiyo yaliyoonyesha ilielekea kusini. Kisha mabaki: flaperoni, kipande kinachosogea nyuma ya bawa, iliokotwa kisiwa cha Réunion Julai 2015, na kipande cha flapu, sehemu nyingine ya bawa, Pemba mwaka 2016. Mtu akikuambia ilitua Kazakhstan, mwulize vipande hivyo vilifikaje Bahari ya Hindi. Ila usivitumie kutaja mahali ilipoangukia. Mikondo ilivibeba kwa zaidi ya mwaka, na eneo vinavyoweza kuwa vimetokea ni pana mno.