MREJESHO: Maandishi ya gemu yangu ya Ren'Py yamekaa sawa

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita nililalamika kwamba skrini ya barua ya bibi, kwenye gemu yangu ya hadithi ninayoitengeneza kwa programu ya Ren'Py, imegoma kukaa katikati: nimeweka xalign 0.5 (mpangilio wa kushoto-kulia, 0.5 ikiwa katikati), lakini mistari mifupi bado inaegemea kushoto.

Kumbe xalign inasogeza boksi zima la maandishi, sio mistari iliyomo ndani. Barua yangu ni ndefu, kwa hiyo boksi lilishajaza skrini, halina pa kusogea. Nimeliwekea boksi xsize 900 (upana wa pikseli 900), nikaongeza textalign 0.5, inayopanga mistari ndani ya boksi, na "Mjukuu wangu mpenzi," ikatua katikati kabisa. Nilitaka kulia.

Nikakwama tena kwenye sahihi ya bibi, niliyotaka ikae kulia. Nimeandika xalign 1, yenyewe imeganda kushoto! Saa mbili nahangaika, kisa nukta. Namba kamili Ren'Py inaihesabu kama pikseli (1 ni pikseli moja tu kutoka kushoto), yenye desimali ndiyo sehemu ya upana. Kuweka 1.0 tu, ikahamia kulia.

Aliyenishauri nisukume mistari kwa spacebar, samahani mkuu, nilijaribu. Nilipobadili fonti vyote vikavurugika.