Tupeane uzoefu: tangazo gani la soda halijakutoka kichwani, na kwenu mlikuwa watu wa soda gani?

Wakuu, juzi nimepita Temeke Mikoroshini, kwenye lile duka la kona ambalo utotoni tulikuwa tunaliita Duka Jekundu. Halikuwa na jina lingine. Ukuta wote wa mbele ulipakwa nyekundu ya Coca-Cola, tangu msingi mpaka kwenye mabati, na yale maandishi meupe yenye mikia. Siku hizi limevaa rangi ya mtandao wa simu. Lakini masika yamebandua rangi kidogo chini ya dirisha, na pale nyekundu imechungulia na mkia wa herufi C. Nikasimama nikiitazama. Bodaboda wangu akaniuliza, "Vipi, umeona ndugu?"

Uzi huu ni wa hayo. Liwe tangazo la redio, la ukutani au la kwenye TV ya jirani, leteni. Nianze mimi.

Kwetu soda haikuwa kitu cha kununuliwa hivi hivi. Mpaka aje mgeni. Mama ananiita jikoni, ananong'ona: "Chukua chupa, kimbia, na usiitingishe." Chupa tupu ilikaa chini ya kabati la vyombo, imeoshwa, kwa sababu usipokwenda na chupa Mangi hakupi soda mpaka ulipie na chupa. Mgeni akiulizwa anakunywa nini husema "yoyote tu", basi mwenye kuchagua nakuwa mimi, na nachagua Fanta. Siyo kwa ajili yake. Fanta ikibaki chini ya chupa inakuwa tamu hata gesi ikiisha. Coca-Cola ikiisha gesi ni dawa. Halafu tunakaa mlangoni tunahesabu mafunda. Nilikuwa na mjomba wa Morogoro, huyo alikuwa anamaliza mpaka mrija unakoroma. Hadi leo sijamsamehe.

Mdau wa Keko:
Mimi ni lile tangazo la dubu. Wale weupe wa Coca-Cola, wamekaa kwenye barafu wanatazama taa za angani kama watu waliokwenda Coco Beach Jumapili, kila mmoja na chupa yake. Tangazo lilitoka Marekani mwaka 1993. Huku Bara televisheni zilianza kurusha 1994, na mtaani kwetu ilikuwepo moja tu, ya fundi magari, ambaye akiwa na moyo mzuri aliigeuzia dirishani tulioko nje tuone. Kuona tu, sauti hakuna. Kwa hiyo niliamini kabisa kwamba wale dubu wanaishi huko kiwandani, ndipo baridi ya soda inapotoka. Darasa la tatu nikamwuliza mwalimu kama dubu wa kiwandani wanauma. Nilichekwa mpaka mapumziko.

Kijana wa Sinza:
Mimi la Pepsi la 2004, uwanja wa Kirumi. Beyoncé, Britney Spears na Pink wanatupa silaha chini wanaimba, Enrique Iglesias ndiye mfalme. Kibanda umiza kilikuwa kinalipuka kwa kelele kuliko goli. Ila kuhusu chupa za kioo hapo juu, mtanisamehe, mimi hiyo naikuta msibani na harusini. Nimekulia kwenye Azam Cola ya plastiki: una jero, unachukua, unatembea nayo. Hakuna habari za kuosha chupa.

Mwenye uzi:
Dogo, ungeosha chupa ungejua thamani ya funda la mwisho.

Mama wa Mbagala:
Nyie mnazungumzia TV. Sisi tangazo letu lilikuwa sikukuu ya Idi, viwanja vya Mnazi Mmoja. Pipa limekatwa nusu, donge la barafu limefunikwa gunia, chupa zimelala humo zinatoka jasho. Nani tena akwambie kuwa ni tamu? Kaka yangu alinifundisha: kizibo hakifunguliwi, kinatobolewa kwa msumari. Unapata tundu dogo, unanyonya Mirinda yako taratibu kutoka Mnazi Mmoja mpaka Ilala Boma kwa miguu, na chupa haina shida kwa sababu ulikuja na yako ukabadilisha. Ubaya wa tundu ni kwamba ukijikwaa tu inaruka kama bomba lililopasuka. Gauni langu la Idi lilikuwa jeupe, la lesi, limeshonwa usiku wa kuamkia sikukuu. Lilirudi nyumbani na doa la chungwa kifuani, kubwa kama sahani. Mama hakunipiga siku ile, sikukuu. Alinipiga kesho yake.

Mzee wa Ilala:
Hakuna aliyeniamkia lakini marahaba wanangu. Mimi nilioa mwaka 1983, ule wa msako wa wahujumu uchumi. Sabuni ya shida, sukari ya shida, mnaniuliza soda? Kwa harusi yangu nilihangaika na kibali wiki tatu, nikapewa kreti sita. Chupa 144. Wageni walikuwa mia mbili na zaidi. Kamati ikakesha ikigawa: nani apewe nzima, nani amiminiwe nusu glasi. Wakwe walipewa nzima, hilo halikuwa na mjadala. Rafiki yangu mmoja wa kijiweni alipata nusu glasi, na alikaa miaka saba bila kukanyaga kwangu. Na katika kipindi chote hicho ubao wa Coca-Cola ulikuwepo juu ya mlango wa duka la mtaani, unang'aa, duka lenyewe halina hata kiberiti.

Mdau wa Keko:
Shikamoo mzee. Umenikumbusha vile vibao vya shule pia: jina la shule katikati, Coca-Cola pembeni. Nilikuwa nadhani ndio wamiliki.

Dada wa Tabata:
Kwetu Stoney Tangawizi haikuhesabiwa kuwa soda. Mafua, Tangawizi. Tumbo linakata, Tangawizi, tena isiyo ya baridi. Siku nilipoiona kwenye sherehe watu wanainywa na kuku huku wanacheka, nilidhani wote wagonjwa.

Mhasibu wa Kariakoo:
Turudi kwenye ubishi wenyewe. Ofisini kwetu kuna kambi mbili, Coca-Cola na Pepsi, na ni kama Simba na Yanga, hata wali haunogi kabla hawajarushiana maneno. Siku moja ya kufunga hesabu nikanunua Coca-Cola, Pepsi na Azam Cola, zote za plastiki, zimelala friji moja usiku kucha. Nikaandika namba kwenye kitako cha vikombe. Watu saba, mmoja mmoja, geuka ukutani, kunywa, taja namba. Watano kati yao walikuwa wamejiapiza kuwa ni Coca-Cola damu. Wanne wa hao watano wakasema kitamu ni kikombe namba 2, na namba 2 ilikuwa Pepsi. Wa tano, ambaye ndiye mwenye mdomo kuliko wote, alichagua Azam. Akadai nimemchezea vikombe, akachukua mkoba akaondoka saa tisa na nusu.

Nikawaambia hawako peke yao. Pepsi walianza mchezo huu huu hadharani kule Marekani mwaka 1975, na wengi wakichagua Pepsi. Coca-Cola nao, wakiona wanazidi kubanwa sokoni, Aprili 1985 wakabadilisha mapishi yao. Wateja wakaja juu, simu na barua kila siku, na baada ya siku 79 ile ya zamani ikarudi dukani.

Mimi naona hivi: Pepsi ni tamu zaidi na ina kaukakasi ka ndimu, kwa hiyo funda moja linakuteka. Lakini niwekee sahani ya pilau na chupa nzima, Pepsi inanichosha kabla ya nyama. Coca-Cola inakata mafuta. Na soda yoyote, ya kioo ni bora kuliko ya plastiki, kwa sababu plastiki inaachia gesi pole pole hata ikiwa imefungwa. Ile iliyokaa dirishani kwa Mangi mwezi mzima unakunywa maji ya sukari.

Mwalimu wa Kigamboni:
Na Fanta mnayoipigania ni mtoto wa vita. Ujerumani, 1940, malighafi ya Coca-Cola haifiki tena, mkuu wa kiwanda Max Keith akachanganya majimaji yanayobaki kwenye jibini na makapi ya tufaha. Ladha ya chungwa ilikuja 1955, Italia, mji wa Naples.

Mwenye uzi:
Makapi! Mjomba wa Morogoro nimempunguzia kosa moja.

Mdau wa Gongo la Mboto:
Mimi na matangazo ya vizibo basi. Kampuni siitaji. Ilikuwa unabandua mpira ndani ya kizibo unakuta herufi, ukikamilisha neno unapata baiskeli. Nilikamilisha yote kasoro herufi moja. Nilizunguka baa na mabanda yote mpaka Pugu naokota vizibo, wahudumu wakanizoea, wananiwekea kwenye kopo. Herufi ile sikuiona, wala sijawahi kukutana na mtu aliyeiona. Vile vizibo nikamalizia kuchezea drafti. Kete nyeupe ni mgongo, nyeusi ni tumbo.

Mdau wa Kimara:
Nimesoma wote na hakuna aliyetaja tangazo lenyewe. Ni opena. Nimeuza soda stendi ya Ubungo miaka saba, kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Mbezi mwaka 2021. Kreti begani, opena mkononi, unaiburuza kwenye shingo za chupa, krrring, krrring. Chupa yenye soda inalia mlio mfupi, mzito. Tupu inalia kama kengele. Kwa hiyo mwenye akili anapanga tupu tatu nne ukingoni, ndizo za kupigia. Abiria alikuwa amesinzia, anaamka na kiu ambayo hakulala nayo.

Kazi inaanza basi likiwashwa. Mtu kashika chupa, kanywa nusu, dereva anapiga honi. Unakimbia na dirisha: "Mama, chupa! Mama, malizia!" Wengine wanamimina kwenye mfuko wa nailoni, wengine wanagugumia mpaka machozi yanawatoka, wengine wanakutazama tu mpaka getini. Chupa moja ikienda, imeondoka na faida ya soda kumi. Nina chupa zilizofika Mbeya, nina zilizofika Bukoba. Mimi mwenyewe mwisho wangu Chalinze.